Umri wa Kuingia Ndani

Dar es Salaam,
11 Machi 1977

Dada Dunia, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mwanangu Mauwa unayenilelea na majirani wote wanaoulizia kama bado niko hai. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu, anasema dagaa wako safari hii walifika wakiwa dagaa, hawakusagika kama wale wa mara iliyopita. Mawese ndiyo yalimwagika nusu, na nusu hiyo ikaingia kwenye mfuko wa nguo wa yule bwana uliyempa mzigo. Tunaishi naye mtaa mmoja na hatusalimiani.

Mimi bado niko kwenye kazi ile uliyoicheka. Ni kweli, dada, mwanamume wa miaka arobaini na minane, mwenye tumbo na miwani, analipwa na Serikali kutazama sinema asubuhi. Tunakaa watano ndani ya chumba chenye giza, filamu inapita, mwisho tunaitajia umri. Hii ya WOTE, hii ya ZAIDI YA MIAKA 18, hii isioneshwe kabisa. Mwanzoni nilijiona mtu mkubwa. Watoto wa mtaani walikuwa wananisindikiza hadi mlangoni wakitaka niwasimulie. Siku hizi narudi nyumbani nimechefukwa, nanawa mikono kabla ya kusalimia.

Juzi tulikagua filamu ya makarateka. Watu wanavunjana shingo tangu mwanzo, mmoja aking'olewa jicho mbele ya mama yake. Mwenyekiti wetu, Bwana Leodgar, akapiga miayo. "Wote," akasema. "Hayo ni mazoezi ya viungo."

Kesho yake ikaja ya Kihindi. Mwanamke kanyeshewa, nguo imemganda mwilini, anamlilia mumewe aliyekwenda vitani.

"Rudisha!" Bwana Leodgar akapiga kelele. Mwendesha mashine akarudisha. "Hapo hapo. Rudisha tena, tusije tukamwonea mtu."

Ikarudishwa mpaka mashine ikapata moto. Wenzangu walikwisha sogeza viti mbele. Mimi nilivua miwani nikajifanya naifuta, na huo ndio ushujaa wangu wote. Walipotosheka, wakaandika kwamba inaharibu vijana, isioneshwe.

Nimekusimulia ili ucheke. Lakini kuna jambo dogo. Sasa tumeongezewa na ngoma. Wanatafuta vikundi vya mikoani vije kucheza kwenye sherehe za Desemba, na kila kikundi lazima kwanza kikaguliwe na kupewa umri wa watazamaji. Nimesikia kikundi cha wanawake wa Ujiji kinatajwa. Ni chenu? Nijibu upesi.

Ndimi mdogo wako,
Asumani


Ujiji,
4 Aprili 1977

Asumani mdogo wangu, marahaba.

Sisi wazima, ila goti langu la kushoto linajua mvua kabla ya mawingu. Ziwa limechafuka, migebuka hakuna, na kule Katonga wachuuzi wanakaa tu wanauziana maneno. Mauwa kawa wa pili darasani kwake. Mimi mwenyewe nimehitimu elimu ya watu wazima, kwa hiyo ukiona mstari umepanda mlima usinicheke, ni mkono wangu huu, sijamwandikisha mtu.

Kikundi ni chetu. Huyu Gervasi, ofisa utamaduni tuliyeletewa mwaka jana, alituona kwenye harusi kule Kidahwe. Ngoma ya nje, ile ya kumtoa bibi harusi. Ikampendeza. Wiki iliyofuata nikamwona uani kwangu na karatasi.

"Mama, hii ya nje nimeiona," anasema. "Nasikia mnayo na ya ndani."

"Tunayo."

"Naomba maelezo. Inachezwaje, na watazamaji wawe na umri gani."

"Haina watazamaji, mwanangu. Ina walioingia."

"Hao walioingia, wa umri gani?"

"Aliyevunja ungo akashikwa mkono na somo wake, mwanamke wa kumfunda. Mwingine anaingia na kumi na tatu, mwingine na ishirini. Mwanamume haingii hata awe na mia."

Akaandika: umri haujulikani.

Asumani, wewe hujui ndani kuna nini, na ndivyo inavyotakiwa. Nitakuambia hili tu, kwamba humo msichana anaambiwa mwili wake unafanya nini na kwa nini, namna ya kujiweka safi, mimba inakujaje, na namna ya kumwambia mtu hapana mpaka asikie. Anaambiwa hayo na wanawake waliomzidi, mlango umefungwa, ili asione haya kuuliza. Mlango ukifunguliwa hakuna kitu tena. Wasichana watatu wanasubiri mwaka huu na mwanao Mauwa ni mmoja wao, katimiza kumi na mitano; siku ya kutokea kila mmoja atavikwa khanga mpya.

Sasa Gervasi anasema bila cheti haturuhusiwi kupiga ngoma popote, si nje wala ndani, na cheti hakitoki mpaka wakaguzi waone zote mbili. Wanaume, Asumani. Waje wakae kwenye mkeka wetu watutazame, sisi wenye wajukuu. Wewe uko huko huko kwenye hicho chumba chenu cha giza. Zuia.

Dada yako,
Dunia


Dar es Salaam,
28 Mei 1977

Dada yangu mpenzi, shikamoo tena na tena.

Najua nimechelewa. Kwanza nilipata mafua, halafu mtoto wa jirani akaipata barua yako akaifanya ndege, halafu nikakosa karatasi. Sababu zote tatu ni za kweli na nakuomba uchague unayoipenda. Mauwa mpe hongera kwa kuwa wa pili. Mwambie baba yake hakuwahi kuwa wa pili katika jambo lolote, isipokuwa kuoga, kwa sababu wewe ulinitangulia.

Kazini ni yale yale. Mwezi huu tumeletewa kijitabu cha afya cha wasichana wa shule. Ndani yake kuna mchoro wa mfuko wa uzazi, mweusi na mweupe, kama ramani ya wilaya. Bwana Leodgar akasema zaidi ya miaka kumi na minane. Nikamwuliza, "Mwenyekiti, msichana wa kumi na minane si keshamaliza shule?" Akanijibu, "Ndiyo maana hakitamharibu." Kisha akakitia kwenye mkoba wake, akakisome vizuri nyumbani. Nilikwenda dirishani kutafuta hewa.

Kuhusu jambo lako, nimezungumza. Wanasema ni suala la saa moja tu, wakaguzi hukaa, hutazama, huandika, basi. Mimi nilifikiri labda mcheze ile ya nje mara mbili, mara ya pili mwingie ndani ya nyumba. Nani atajua? Majina ya watakaokuja bado hayajakaa sawa, nisiseme sana.

Wifi yako anauliza kama mawese yamepatikana.

Asumani


Ujiji,
15 Juni 1977

Asumani,

Wazima tupo. Mawese hayajapatikana.

Gervasi kaja jana kanipongeza. "Mama una bahati," anasema, "mmoja wa wakaguzi ni mdogo wako wa damu, Bwana Asumani. Wamemchagua kwa kuwa ni mwenyeji. Hamtapata taabu ya mtu wa kuwafasiria nyimbo." Mauwa alikuwa anafua pale pale. Nikamwambia aende dukani, na hakuna nilichotaka dukani.

Majina hayajakaa sawa. Ndivyo ulivyoniandikia.

Nikueleze, maana nadhani huenda Dar imekusahaulisha. Bi Sikitu ndiye mkubwa wetu mle ndani. Ndiye aliyekukata kitovu. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni mpaka ukaniharibia huo mgongo. Ukishakaa ukanitazama kwenye ngoma ya ndani, siwezi kukupakulia chakula tena. Siwezi kukaa na wewe sebule moja. Utakuwa umekuja kunizika.

Na hao wenzako wana ajabu. Msichana wa kumi na mitano Serikali inasema anaweza kuolewa. Lakini kuambiwa ndoa ni kitu gani, mpaka wazee wa Dar wakae waangalie kama yanawafaa wao. Nikifikiri hilo natema mate, kweli kabisa, natema chini.

Sikuombi tena uzuie. Nataka uniambie mwenyewe kwa mkono wako kama unakuja.

Dunia


Dar es Salaam,
27 Juni 1977

Dada, shikamoo.

Tiketi imekatwa. Nilijua tangu Aprili.

Sikukuandikia kwa sababu nilidhani nitalimaliza kimya kimya, wewe usijue lilikuwepo. Nilikwenda ofisini kwa Bwana Leodgar mara ya kwanza nikazungumzia hali ya hewa. Mara ya pili nikasema.

"Mwenyekiti, kiongozi wa kikundi kile ni dada yangu, tumbo moja."

"Vizuri sana! Basi hataona haya."

"Mimi ndiye nitakayeona haya."

"Ndugu Asumani," akasema, akicheka, akinigonga begani kwa rula, "macho ya Serikali hayana dada."

Nikamwambia huko kwetu mwanamume haingii kabisa, tangu ngoma ilipoanza. Akasema ndiyo sababu hasa inabidi iangaliwe, kitu wanachokificha wanawake wazima si cha kuachiwa watoto. Nilipouliza kwa nini basi asipelekwe hata mwanamke mmoja, maana ofisini tunao, akasema wanawake hawana uzoefu wa kuona uchafu. Hilo sikulipinga. Uzoefu ni wake yeye.

Nikigoma waziwazi nitafukuzwa, na nina watoto wanne wanaokula kama skauti. Nikija, sina dada. Niambie unalotaka. Nimejaribu akili yangu mwenyewe mwaka huu na unaona ilikonifikisha.

Asumani


Ujiji,
6 Julai 1977

Asumani,

Waje. Nimemwambia Gervasi tutacheza ya ndani, kwa taratibu za ndani, naye kakubali kwa kinywa chake mbele ya Bi Sikitu. Kaapa kabisa.

Wewe usifike. Namna ya kutofika itafute mwenyewe. Utotoni ulikuwa unaumwa kila siku ya kuchota maji, huwezi kuwa umesahau.

Dunia


Tabora,
19 Julai 1977

Dada, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa kwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni, kitanda kina mguu mmoja mfupi, na mimi ni mgonjwa sana. Nilianza kujikunja tulipopita Dodoma. Kufika Manyoni nilikuwa naguna kwa sauti ambayo hata mimi ilinitia wasiwasi. Mama mmoja abiria alinilazimisha kunywa maji ya mkaratusi, na tangu hapo sikuhitaji kuigiza tena, tumbo limeharibika kikwelikweli.

Bwana Leodgar alinishusha hapa mwenyewe. "Pole, bwana," akasema, "utakosa mambo." Akasugua viganja vyake kama mtu anayengoja sahani. Treni ilipoondoka nilimwona dirishani anachana nywele.

Wako njiani, dada. Nimewaachia njia, na sijisikii shujaa. Niandikie Dar, chochote kitakachokuwa.

Asumani


Ujiji,
25 Julai 1977

Mdogo wangu Asumani, marahaba na pole ya tumbo. Tumbo lako lina akili kuliko kichwa, lishukuru.

Mauwa mzima, goti langu lile lile, na Bi Sikitu anakuulizia. Sasa sikiliza.

Walikuja baada ya sala ya adhuhuri, watatu. Huyo Leodgar wako, Gervasi, na Bwana Oswald wa Chama, mtu mzima mwenye mvi. Tulikuwa nyumbani kwa Bi Sikitu, chumba cha uani. Wasichana wote tulikwisha wapeleka kwa shangazi zao. Bi Sikitu akasimama mlangoni.

"Karibuni. Ndani hapa asiyewahi kuchezwa ni mwari, awe nani. Mwari anavua viatu, ananyoosha miguu kwenye mkeka, anafunikwa shuka kichwani. Hasemi, hainui macho, mpaka somo wake amfunue. Ninyi masomo wenu ni akina nani?"

Wakatazamana. Gervasi akasema, "Mwenyekiti, nilikubali taratibu, sikujua ndizo hizi." Oswald akasema waandike hapakuwa na lolote, waende zao. Leodgar akasema, "Ni desturi tu hiyo, tuiheshimu. Mchezo ukianza watatufunua." Na akawa wa kwanza kuvua viatu. Soksi ilikuwa imetoboka, kidole kimetoka nje.

Tukawafunika. Tukafunga mlango.

Asumani, ndani ya kile chumba kulikuwa na magunia mawili ya mchele wa hitima ya marehemu mume wa Bi Sikitu. Tukakaa kila mtu na sinia lake tukachagua mawe. Tukaimba nyimbo za kulaza watoto, zile zile nilizokuimbia wewe, na tukapiga miguu kidogo chini ili usingizi usitushike. Hivyo tu. Jua likapita dirisha la kwanza likaja la pili.

Gervasi alianza kukoroma. Oswald alivumilia, kisha akainua shuka mwenyewe. Akaniona mimi na sinia langu. Nikamtazama. Akawatazama wote, akashuka macho, akasema polepole, "Nisameheni, mama zangu." Akatoka, viatu mkononi. Huyo nitamsalimia nikikutana naye.

Leodgar hakujua. Kila mara anauliza humo ndani ya shuka, "Sasa mmefika wapi?"

Bi Sikitu anamjibu, "Tumefika penyewe, mwanangu."

"Mbona sioni?"

"Mwari haoni. Anaambiwa."

Mwanzoni tulibana vicheko, mwenzetu mmoja akamwaga sinia zima. Halafu tukaacha kucheka, hakuna aliyesema tuache. Ni kule kuhema, Asumani. Sisi tunaimba usingizi wa watoto wachanga, na mtu mzima chini ya shuka anahema, shuka linaingia na kutoka kinywani. Wanawake wakaanza kusogeza masinia yao mbali naye, kidogo kidogo, mpaka akabaki peke yake katikati ya mkeka. Tulipomfunua alikuwa kalowa kama aliyeoga, akasema, "Asanteni, nimeelewa kila kitu." Lile shuka Bi Sikitu kalichoma moto, na ujue mashuka yalivyo adimu.

Basi wamekwenda. Hawakuona kitu. Nadhani tumepona.

Dada yako,
Dunia


Dar es Salaam,
3 Septemba 1977

Dada Dunia, shikamoo, na heri ya mwezi mtukufu.

Wifi yako hajambo na funga inamwendea vizuri. Mimi nafunga pia, na mwaka huu sijasinzia tarawehe hata siku moja, kwa sababu usingizi wenyewe umenikimbia. Nimekaa na jambo hili tangu katikati ya Agosti. Sina mafua, karatasi ninazo. Nilikuwa sijui niandikeje.

Bwana Leodgar ameandika ripoti.

Amesema ameona kila kitu. Kaandika kurasa tatu, mchezo hadi mchezo, nani alisimama wapi, akafanya nini na kiuno, akamfanyia nini mwenzake. Mengine siwezi kukuandikia, wewe ukiwa umenilea. Hakuna mwanamke wa Ujiji aliyewahi kuyacheza hayo, ndani wala nje. Sidhani kama kuna mwanamke wa popote. Kayatoa kichwani mwake, chini ya shuka, akisikiliza ninyi mkiimba watoto walale. Na kaandika majina. La kwanza ni lako, la pili ni la Bi Sikitu, "mzee lakini hodari".

Aliyeipiga taipu ni Agnesi, binti wa miaka kumi na tisa aliyetoka chuoni juzi. Alipomaliza alinifuata kwenye veranda, hanitazami usoni. "Mzee Asumani," akasema, "kwenu ndivyo wanavyofanya kweli? Hata bibi?" Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu, dada, imenigusa kifuani, na sikuitoa, maana sikuwa nimekuuliza kama niseme.

Zilitolewa nakala sita, kwa ofisi sita. Kwenye hizo ofisi sita sasa wanaisoma madereva, wanaisoma matarishi. Jana kwenye foleni ya kantini bwana mmoja nisiyemjua kaniomba nimwoneshe mchezo wa pili. Tumekaa miaka tukiwazuia watu wasione uchafu, na uchafu wenyewe tumeutengeneza hapa, kwa taipu ya Serikali, ukapigwa muhuri.

Uamuzi ni huu. Ngoma ya ndani, ZAIDI YA MIAKA 18. Ya nje, kwa kuwa wachezaji ni wale wale, isichezwe hadharani, na Desemba hamji. Yaani Mauwa asubiri miaka mitatu.

Sasa nisikilize. Oswald aliona, na wewe umeniandikia. Nikisimama nikasema Mwenyekiti alikaa chini ya shuka akisikiliza nyimbo za kubembeleza watoto, amekwisha, ofisi nzima itamcheka mpaka astaafu. Nina hamu hiyo kuliko ya futari. Lakini ripoti ikifutwa, ukaguzi unarudiwa. Watakuja wengine, na hao hawatakubali kufunikwa. Nikinyamaza, majina yenu yanabaki ndani ya uchafu wa yule mtu, na mimi naendelea kumwita Mwenyekiti.

Nimeomba kuhama chumba cha sinema. Wamenipa vitabu vya nyimbo za chekechea nivikague. Navificha, Bwana Leodgar asije akavisikia.

Safari hii nakuuliza kabla. Niseme, au ninyamaze?

Asumani


Ujiji,
9 Oktoba 1977

Mdogo wangu Asumani,

Marahaba. Idi tulikula vizuri. Ziwa limetulia na migebuka imerudi, nitakutumia mikavu nikimpata msafiri ambaye hamjagombana. Mauwa hajambo, karefuka.

Gervasi aliniletea cheti na hiyo ripoti, kaja kwa baiskeli, hakutaka kukaa. Nikamwambia kaa. Bi Sikitu alikuwepo, na wengine wanne.

"Wewe ulikuwemo mle ndani," nikamwambia. "Umetia sahihi?"

"Nimetia, mama."

"Basi tusomee tulichocheza. Sisi wazee tunasahau."

Akafungua. Akatazama mstari wa kwanza, akamtazama Bi Sikitu. Akaanza, "Wachezaji walii..." akaacha. Tukamngoja. Kuku wakapita. Mtu mzima, ofisa, jasho linamtoka.

"Siwezi kukusomeeni ninyi, mama zangu," akasema.

"Kwa nini? Si umetia sahihi?"

"Siwezi."

Bi Sikitu akamwambia, "Sasa umejua kwa nini tulifunga mlango." Akainuka akaingia ndani. Hakuniambia, lakini nilimsikia analia. Mwanamke aliyepokea nusu ya watoto wa mtaa huu, eti hodari. Madereva wanamsoma.

Umeniuliza useme au unyamaze. Nimewauliza wenzangu mmoja mmoja, hata wale wenye hasira. Tumekubaliana unyamaze. Si kwamba haituumi. Harusi mbili zimekwisha tukataa, wanasema wanaogopa cheti. Mume wa mwenzetu mmoja kauliza maswali usiku kucha. Lakini hicho alichokiandika hakituhusu, ni cha kwake, katoka nacho Dar na karudi nacho Dar, akitaka alale nacho. Chetu hajakiona. Ukisema, watakuja wenye macho. Acha waamini wameshaona. Mtu aliyeshiba haombi tena.

Najua kwako ni taabu, kumwita Mwenyekiti kila asubuhi na ukweli uko mfukoni. Mimi nakuomba ubebe. Mgongo wangu mimi ulikwisha kubeba zamu yake. Ila yule binti Agnesi mwambie, peke yake, kwa sauti ndogo. Mwambie zilikuwa nyimbo za kulaza watoto. Asikae na yale kichwani akidhani ndiyo sisi.

Jambo la mwisho ni lako kama baba. Mauwa anahitaji khanga, doti moja mpya, nzuri, si ile ya bei ya chini ambayo wifi yangu huninunulia mimi. Ni ya kutokea. Itume upesi, kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Usiniulize anatokea wapi.

Dada yako,
Dunia